Siku za Bulabo: kutoka Dodoma hadi Bujora na Butiama

Alhamisi, barabarani

Tuliondoka Dodoma alfajiri, tukapita Manyoni na Singida, na jua lilipofika utosini tulikuwa Nzega, abiria wakinunua karanga na mayai ya kuchemsha dirishani. Ukishaipita Tinde unaanza kuiona Usukuma yenyewe: mbuga wazi, makundi ya ng'ombe yakichungwa na watoto wenye fimbo ndefu kuliko wao, na pamba iliyopasuka ikisubiri kuchumwa. Juni ni mwezi wa mavuno. Mkulima anapata senti mkononi, jembe linapumzika, na ndipo ngoma kubwa za Wasukuma zinapoanza kutoka.

Niseme kilichonitoa nyumbani. Ninaongoza kikundi cha maigizo cha vijana pale Dodoma, na hatujaacha kubishana kuhusu watazamaji. Tunaigiza ukumbini, watu wamekaa kwenye viti kwa mistari, nyuso zote mbele. Wakichoka hawatoki, wanafungua simu. Utajuaje kama mchezo umewagusa? Kijana mmoja wa Magu aliyewahi kuigiza nasi alituambia kwamba kwao mtazamaji akichoka anavuka uwanja na kwenda kumtazama mpinzani wako, na hapo umeshindwa, huhitaji jaji wa kukutangazia. Mashindano hayo hufanyika Bujora, karibu na Mwanza, kwenye sikukuu inayoitwa Bulabo, na mahali penyewe ni kwenye uwanja wa makumbusho. Makumbusho, kanisa na uwanja wa ngoma, vyote kilima kimoja. Nilitaka kuona mambo hayo matatu yanavyoishi pamoja.

Tulifika stendi ya Nyegezi giza limeshaingia. Nikala ugali na furu wa kukaanga, nikalala.

Ijumaa, Mwanza mjini

Siku ya kuzunguka. Nilikwenda Kirumba Mwaloni asubuhi, pale dagaa wanapopimwa kwa magunia, kisha nikashuka ufukweni kulitazama Jiwe la Bismarck likiwa limesimama juu ya mengine ndani ya maji kama kawaida yake. Mji wote umejengwa juu ya mawe na kati ya mawe. Nilijikuta nikiyatazama kwa jicho la jukwaa: kila mtaa una ngazi zake za kukalia watu.

Mchana nilikula kwa mama ntilie karibu na soko. Nilipomtajia Bujora aliacha kupakua.

"Dada, wewe ni wa upande gani?"

Nikamwambia mimi natoka Dodoma, sina upande.

"Basi usikae bila upande kule, hutaelewa kitu. Sisi kwetu ni Bagalu, tangu babu. Mume wangu kwao Bagika. Siku za Bulabo hatuongei vizuri nyumbani."

Bagalu na Bagika ndivyo vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana kule. Alisema hivyo akicheka, lakini mteja wa meza ya pili akadakia kuwatetea Bagika na mabishano yakachukua nusu saa nzima. Nani aliwahi kuuvuta uwanja wote hadi wapinzani wakabaki wanajichezea peke yao. Nani alileta fisi. Ngoma ya mwaka gani iliharibiwa na mvua. Nimekaa kwenye sherehe nyingi za sanaa nchini, na sijawahi kusikia watu waliokuja kula tu wakibishana kuhusu onyesho la miaka ya nyuma kwa moto wa namna hiyo. Mpira, ndiyo. Sanaa, hapana.

Jumamosi, makumbusho ya Bujora

Daladala za Kisesa hupitia Igoma kwenye barabara ya Musoma. Ukishuka Kisesa, bodaboda inakupandisha Bujora kwa dakika chache, ingawa ningemshauri mtu atembee: njia inapita kati ya mawe na mashamba ya mihogo, na unakiona kilima kinavyokaribia.

Makumbusho haya hayana ukumbi mmoja mkubwa wenye kabati za vioo. Ni majengo kadhaa yaliyotawanyika juu ya kilima, kila moja na kazi yake. Yalianzishwa na Padre David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, aliyefika Bujora katika miaka ya 1950. Hakufanya peke yake. Aliunda kamati ya wazee na walimu wa Kisukuma waliokusanya nyimbo, methali, hadithi na vitu vya nyumbani, wakiandika majina ya kila kimoja. Hili ningependa lisemwe kila padre huyo anapotajwa, kwa sababu mgeni anaweza kuondoka akidhani mzungu mmoja aliyajua yote haya. Waliojua ni wenye nyumba. Yeye alijua kuuliza, na kwa wakati ule, padre wa kuuliza kuhusu ngoma badala ya kuzipiga marufuku hakuwa jambo dogo.

Mwongozaji wetu alikuwa binti wa pale pale Kisesa, mchangamfu, anayeongea bila kukariri. Alituanzia kwenye jengo la watemi, yaani watawala wa jadi wa Wasukuma. Jengo lenyewe limetengenezwa kwa umbo la kiti cha enzi, kwa hiyo ukiwa ndani upo ndani ya kiti. Humo mna ngoma za kitemi, viti, mikuki, na mapambo ya duara ya kombe la baharini aliyovaa mtemi. Nilisimama sana hapo. Kombe lile limetoka Bahari ya Hindi, likabebwa na misafara mwezi baada ya mwezi hadi huku ziwani, na huku likawa alama ya mamlaka. Huko pwani lilikotoka watoto wanaliokota ufukweni.

Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ilifuta utemi. Ninaelewa sababu zake: nchi changa ilitaka uongozi mmoja, na wakoloni walikuwa wamewatumia watemi kukusanya kodi na kuamrisha watu, jambo lililowachafua wengi wao. Lakini mtemi alipoondolewa, ngoma yake ilikwenda wapi? Kiti chake je? Kuna koo zilizovificha vitu hivyo, vingine vililiwa na mchwa, vingine viliuzwa kwa wapita njia, na vingine vikahifadhiwa hapa. Binti aliyekuwa akitutembeza alizitaja himaya moja moja kwa haraka, na mzee mmoja kwenye kundi letu, aliyekuwa amekuja na wajukuu, alimsimamisha kila ilipotajwa ya kwao ili awaambie watoto nani alikuwa nani. Binti alimwachia nafasi bila kuonyesha kuudhika. "Babu, endelea," akasema, na sote tukamsikiliza babu.

Alieleza kitu nilichokuwa sikijui, kwamba zamani utemi ulipita upande wa mama: mtoto wa dada wa mtemi ndiye aliyeweza kurithi, si mtoto wa mtemi mwenyewe. Mjukuu wake wa kike, wa darasa la nne au la tano, akauliza, "Kwa hiyo mimi ningezaa mtemi?" Babu akamwambia ndiyo, ungezaa. Mtoto akakitazama kile kiti upya kabisa.

Tulipita nyumba ya mhunzi na nyumba ya mganga. Kwa mhunzi kuna viriba vya kuvuvia moto na majembe ya chuma ya zamani, ambayo kabla ya fedha yalikuwa mahari na yalikuwa pia bidhaa iliyosafiri mbali. Kwa mganga sikukaa sana. Mambo yake yanahitaji mtu wa kuyaeleza kwa saa nyingi, na watoto walikuwa wanavutana kwenda kwenye jengo la ngoma.

Jengo la ngoma ndilo lililonileta. Linaonyesha asili ya ushindani wote wa huku. Katika karne ya 19 waliishi waganga wawili wachezaji, Ngika na Gumha, na kila mmoja alijigamba kwamba dawa yake inazidi ya mwenziwe. Ubishi huo ungeweza kumalizwa kwa mikuki. Wao waliumaliza kwa ngoma: wote wawili wacheze kwa wakati mmoja, kila mtu na uwanja wake, watakakokwenda watu ndiko kwenye nguvu. Wafuasi wa Ngika wakawa Bagika, wa Gumha wakawa Bagalu, na vyama hivyo viwili vimegawana ngoma za Usukuma hadi leo. Chini yao kuna makundi ya kila aina: ya wakulima, ya wawindaji wa nungunungu, ya washika nyoka.

Na humo ndani zimehifadhiwa sanamu za miti zenye viungo vinavyocheza. Mikono imefungwa kwa namna inayoiwezesha kuinuka, kiuno kinakunjika. Kazi yake ilikuwa kushtua. Watu wakianza kupungua uwanjani kwako unaitoa sanamu, inatikisa mabega, na waliokuwa wakiondoka wanageuka. Kwa sisi watu wa maigizo hicho ni kifaa cha jukwaa, na kilibuniwa na mtu aliyejua vizuri kabisa hofu ya kuachwa na watazamaji. Haikuchongwa ili isimame ukutani kwa uzuri, na ninadhani ndiyo sababu ni nzuri.

Ukutani kuna pia maandishi ya namna mbalimbali za kuhesabu moja hadi kumi kwa Kisukuma. Marika tofauti yalikuwa na hesabu zao, maneno ambayo wengine wasingeyafahamu. Wale watoto waliyasoma kwa sauti, wakashindana nani atamaliza kwanza, na babu akawasahihisha matamshi huku amefumba macho.

Jumapili, Bulabo

Sikukuu yenyewe ni ya Ekaristi, Mwili na Damu ya Kristo, na kwa Kisukuma imechukua jina la maua, kwa sababu ya maua yanayotumika kwenye maandamano. Nilifika mapema nikapata nafasi karibu na mlango.

Kanisa la Bujora ni la duara, kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma. Tabenakulo imefanywa kama nyumba ya mtemi, na altare ina umbo la kiti chake. Anayesali humo haambiwi kwa maneno kwamba Mungu ni mtawala. Anaona kiti. Ngoma zilipigwa ndani ya Misa, nzito, na nyimbo zikaimbwa kwa Kiswahili na Kisukuma. Kisha maandamano yakatoka nje, watoto mbele na maua, wazee nyuma, vumbi likapanda.

Kuna swali ambalo msomaji atakuwa nalo, na mimi nilikuwa nalo: je, kanisa halikuzichukua ngoma za watu na kuzifanya zake? Zamani mashindano haya yalikuwa ya mavuno, yakifuata kilimo. Katika miaka ya 1950 yakaingizwa kwenye kalenda ya sikukuu ya kanisa. Nimelifikiria hili siku nzima. Ninavyoona, kanisa lilitoa kiwanja na tarehe, na tarehe si kitu kidogo, maana sherehe isiyo na tarehe hufa. Lakini ushindi halikuuchukua. Ushindi uko kwa watu, na watu hawaamuriwi na mtu pa kusimama.

Mchana ule kulikuwa na ngoma za kupasha moto tu, vikundi vya shule na vya jirani. Mama mmoja aliyekuwa akiuza michembe alinipisha kwenye kivuli chake. Nilipomsalimu kwa neno la Kisukuma nililofundishwa mjini alifurahi kupita kiasi cha neno lenyewe. "Mwadila, mayu!" akanijibu, akaniwekea matobolwa kwenye karatasi bila kunidai, viazi vilivyochemshwa kwanza ndipo vikaanikwa. Michembe huanikwa vibichi na ni migumu zaidi. Aliniambia nisikose kesho, na nije na maji.

Jumatatu, uwanja mmoja, duara mbili

Nitajaribu kuandika yaliyotokea kwa mpangilio, ingawa hayakuwa na mpangilio.

Hadi saa tano watu walikuwa wametapakaa uwanja mzima, hawana mbele wala nyuma. Bagalu walikuwa upande wa mawe, Bagika upande wa chini. Katikati palikuwa na nafasi ambayo mtu anaweza kuivuka kwa hatua za haraka bila kuhema. Hiyo nafasi ndiyo roho ya mchezo wote. Ingekuwa kubwa zaidi, watu wangeona uvivu kuhama. Ingekuwa ndogo, ngoma zingemezana.

Bagika walianza, kwa bugobogobo. Ngoma hii ilizaliwa shambani: watu walilima kwa pamoja, ngoma ikawapigia mwendo, jembe likapanda na kushuka kwa pigo moja. Uwanjani jembe halishuki ardhini. Linarushwa, linazunguka hewani, linadakwa nyuma ya mgongo. Vijana walikuwa wamejipanga mstari, kifua wazi, njuga miguuni, na kila jembe liliporushwa watu walivuta pumzi pamoja. Kwa dakika kadhaa niliamini Bagalu wameshakwisha kabla hawajaanza. Umati ulikuwa umeinama wote upande wa chini.

Bagalu hawakuharakisha. Manju wao, ambaye kwa Kisukuma huitwa ningi, mzee mwembamba mwenye kofia ya manyoya, alikuwa anatembea tu ndani ya duara lake tupu akiimba kwa sauti ya kawaida, kama anajisemea. Hana kipaza sauti. Wachezaji wake wamekaa chini. Watu wachache wa karibu wakageuka kumsikiliza, wakacheka. Wengine wakaja kuona wenzao wanacheka nini. Aliyekaa karibu nami akanitafsiria: anawaimba wale vijana wa majembe, anawauliza mbona jembe linaruka namna hii lakini mwaka huu mashamba yao yana magugu hivi. Anataja vijiji. Anataja bei ya pamba. Kila anapotaja kijiji, watu wa kijiji hicho wanapiga kelele na kusogea.

Hapo nikaona uwanja unavyopumua. Watu mia, mia mbili, wanajitenga kwa ukingo, kwanza watoto, halafu kina mama, halafu wanaume wanaojifanya hawaendi kokote. Bagika wakaona. Mpigaji wao mkuu akabadili pigo, wale vijana wakavunja mstari wakaanza kurushiana majembe wawili wawili, wakirudi kinyumenyume. Umati ukasita. Wengine wakarudi.

Ndipo Bagalu wakaleta chatu.

Washika nyoka wa Usukuma, Bayeye, ni chama chenye elimu yake: wanajua nyoka, wanajua dawa za kuumwa na nyoka, na hawafundishi kila anayeuliza. Sanduku lilifunguliwa taratibu. Mchezaji alimtoa chatu mzito, akamviringisha shingoni na kiunoni, akacheza naye akimtazama usoni. Niliwahi kuona picha za jambo hili na nilidhani najua nitakachokiona. Picha haioneshi jinsi mchezaji anavyobadili uzito wa mwili wake kumfuata nyoka, wala jinsi ngoma zinavyoshuka hadi kunong'ona. Umati wote ulivuka. Mimi pia nilivuka, nikiwa nimeshasema moyoni kwamba nitakaa katikati kama mtu wa kuandika. Nilijikuta mbele, nimesukumwa na mama wa michembe aliyekuwa ameacha biashara yake juu ya jiwe.

Lakini haikuishia hapo, na hili ndilo ninalotaka vijana wangu walielewe. Mshangao haukai. Baada ya muda watu walikuwa wameshamwona chatu. Bagika, ambao walibaki na watu kama hamsini, hawakuleta kitu kikubwa zaidi. Walirudi kwenye wimbo. Sauti moja ya kike, halafu nyingi, na majembe yakawa yanagonganishwa tu, chuma kwa chuma, taratibu. Ulikuwa wimbo wa zamani ambao inaonekana kila mtu pale alikuwa anaujua kutoka kwa mama yake, kwa sababu watu waliokuwa upande wa nyoka walianza kuuitikia wakiwa bado wamempa Bagika mgongo. Waliuitikia wimbo wa wapinzani huku wamesimama kwa mwenyeji wao. Kisha wakaanza kuhama, mmoja mmoja, bila kukimbia.

Jua lilipoelekea kuzama umati ulikuwa umegawanyika, na kila niliyemuuliza alikuwa na jibu tofauti kuhusu mshindi. Ubishi ulipanda nasi kwenye daladala hadi Igoma. Kondakta alikuwa Mgalu.

Kuhusu dawa: kila kundi lina dawa zake za kuvutia watu, huitwa samba, na hakuna anayeficha kwamba zipo. Mchezaji mmoja niliyezungumza naye wakati wa mapumziko alinijibu kwa heshima lakini kwa ufupi. "Dada, dawa ipo. Na mazoezi yapo. Asiye na vyote viwili asije hapa." Sikumuuliza zaidi, na sioni sababu ya mimi kuamua lipi kati ya hayo mawili ndilo la kweli.

Jumanne, wigashe na habari za Malya

Siku ya pili ya mashindano ilikuwa na makundi madogo na upepo mkali. Nilivutwa na kitu kimoja tulivu, wigashe. Hapa watu wanacheza wamekaa. Wanaume wamejipanga mstari, wameketi, miili inayumba pamoja na nyimbo zinajibizana. Hakuna kurusha chochote. Na bado watu walijaa, kwa sababu nyimbo zilikuwa mpya, zimetungwa msimu huu, na zilikuwa na habari: za wajanja wa mikopo, za vijana waliokwenda machimboni Geita wakarudi bila kitu, za mabinti walioacha shule.

Hili la mwisho lilinikumbusha jambo ambalo kila mwanafunzi wa sanaa za maonyesho nchini analisoma. Katika mwaka 1982 na 1983 wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba, walikwenda Malya, wilaya ya Kwimba, hapa hapa Usukumani. Hawakwenda na mchezo ulioandikwa. Waliwauliza wanakijiji shida yao kubwa, na likatajwa suala la wasichana wa shule kupata mimba. Vijana wa kijiji wakalifanya kuwa michezo na ngoma, kwa nyimbo na miondoko ya kwao, na baada ya kila onyesho watu wakakaa kujadili. Namna hiyo ya kufanya kazi, sanaa za maonyesho kwa maendeleo, imesafiri sana tangu hapo. Leo mashirika mengi huileta vijijini ikiwa imeshapikwa: mchezo umeandikwa mjini, ujumbe umeshaamuliwa, fulana zimechapishwa. Malya haikuwa hivyo. Nikiwa nimekaa mbele ya wigashe nilielewa kwa nini pale ilifaa: watu hawa walikuwa tayari wana desturi ya kujadili mambo yao kwa wimbo, na ya kumwacha msanii asiye na la kusema. Walimu wale waliingia kwenye uwanja uliokwishajengwa.

Mama wa michembe, ambaye sasa tulikuwa marafiki, alisema kwao ni Kwimba. Nikamwimbia mstari mmoja wa Kigogo, kwa kuwa alitaka kusikia ya kwetu. Akasema ni mzuri ila unachelewa kuanza.

Jumatano, Butiama

Nilitaka kumaliza kwa Mwalimu. Basi la Musoma linapita Magu na Lamadi, na kabla ya Bunda unapita Lango la Ndabaka la Serengeti, pundamilia wakionekana barabarani kama ng'ombe wa mtu. Nilishuka Kiabakari, nikachukua bodaboda.

Makumbusho ya Mwalimu Nyerere yalifunguliwa mwaka 1999, mwaka ule ule aliofariki. Yapo kijijini kwao, na karibu yake ni Mwitongo, lilipo kaburi lake. Zimo picha, mavazi, zawadi alizopewa na mataifa, vinyago vingi. Ni kimya, pamepangwa vizuri, na siku hiyo wageni tulikuwa wachache: mimi, familia moja kutoka Tarime, na darasa la wanafunzi waliokuwa wakiandika kila kitu daftarini bila kukitazama.

Nilikuwa na sababu ya kuja ambayo haihusiani na zawadi. Desemba 1962, Tanganyika ilipokuwa jamhuri, Nyerere aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Mwaka uliofuata ikatoka tafsiri yake ya Kiswahili ya tamthilia ya Shakespeare inayohusu kuuawa kwa mtawala wa Roma, na mwaka 1969 akatoa nyingine. Rais wa nchi changa, usiku, anatafuta maneno na mizani kwa ajili ya jukwaa. Na mwaka huo huo wa 1963 utawala wake ukafuta utemi, na zile ngoma nilizoziona Jumamosi zikakosa mwenyewe. Yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa mtemi, Burito wa Wazanaki. Nilisimama mbele ya picha yake nikiwa na mambo hayo mawili kichwani na sikutaka kuchagua moja. Alichokitaka kilikuwa utamaduni wa taifa zima, na taifa lilihitaji jukwaa moja. Kikundi cha taifa cha ngoma kilikusanya wachezaji kutoka kila upande, bugobogobo ikachezwa mbele ya marais wageni, kwa dakika chache, mstari mmoja, nyuso mbele. Ngoma ilipata heshima kubwa. Ilichopoteza pale ni mpinzani wa upande wa pili wa uwanja.

Nilimuuliza mwongozaji wa Butiama, kijana mwenye subira, kama ngoma za Kizanaki huchezwa hapo. Akasema wageni wakija kwa kikundi na kutoa taarifa, wazee huitwa. Nikawaza uwanja ulio mbele ya lango, mpana, una miti ya kivuli pembeni. Unatosha duara mbili.

Jioni niliwapigia vijana wa kikundi kutoka Musoma. Tumekubaliana kwamba mchezo wetu unaofuata tutaufanya nje, kwenye uwanja wa shule, na tutawaalika wenzetu wa kikundi cha Chamwino waonyeshe wa kwao saa ile ile, upande wa pili. Wawili wamekataa kwa sasa, wanasema ni kujitafutia aibu. Tutaongea nikifika.

Kwa anayetaka kwenda: Bulabo huhama kila mwaka kwa kuwa inafuata Pasaka, mara nyingi inaangukia Juni, kwa hiyo ulizeni tarehe kabla ya kukata tiketi. Makumbusho ya Bujora hayangoji sikukuu, mnaweza kuyatembelea wakati wowote wa mwaka, ila ombeni mwongozaji, na mkiwa na mzee wa Kisukuma nendeni naye. Chukueni maji, kofia, na fedha ndogondogo za michembe.